Ukarabati wa haraka huanza na maji: mwongozo wa nyumba ya vyumba vitatu

Nyumba za matofali ya saruji zilizojengwa Dar es Salaam miaka ishirini au thelathini iliyopita, kuanzia Mbagala hadi Tabata, zina magonjwa yanayofanana. Bati limeanza kushika kutu. Dari lina mabaka ya kahawia. Ukuta unachubuka rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Bafu linavuja polepole, na niru, yaani saruji laini ya sakafu, imechimbika sebuleni. Siku kikoba kinapogawana, au harusi ya binti inapokaribia, mwenye nyumba humwita fundi rangi. Nyumba inang'aa, wageni wanasifu, masika yanaingia, na kufikia Juni rangi imebanduka palepale ilipokuwa imebanduka zamani. Hela imekwenda.

Nasimamia kazi za aina hii, na kila fundi ninayemheshimu huanzia mahali pamoja: maji. Yako maji yanayoshuka kutoka juu, maji yanayopanda kutoka chini, maji yanayotoroka kwenye bomba, na maji tunayoyaweka wenyewe ndani ya plasta na zege. Haya ya mwisho ndiyo yanayoamua kalenda yako, kwa sababu fundi unaweza kumwongeza lakini ukuta haukauki kwa kuongezewa watu. Ukipanga kazi kwa kufuata maji, nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na bafu moja inaweza kukarabatiwa ndani ya wiki tatu hivi bila kuhama. Ukianza na rangi, utalipa mara mbili.

Wakati mzuri kwa ukanda wa Pwani ni Juni hadi Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Kama huna budi kufanya wakati mwingine, zingatia walau kwamba kazi za nje na za paa zisiangukie Machi hadi Mei.

Zunguka na daftari kabla ya kumwita mtu

Tenga siku moja ya kuikagua nyumba yako kama mgeni anayetaka kuinunua. Panda kwenye dari saa sita mchana, zima tochi, tazama juu: kila tundu la bati litaonekana kama nyota, nawe utaweka alama ya chaki kwenye papi (mbao inayoshikilia bati) iliyo karibu. Gonga kuta kwa vifundo vya vidole. Panapotoa sauti ya debe tupu, plasta imeachana na tofali. Jioni funga koki zote, soma namba za mita ya maji, na usiku huo mtu yeyote asifungue maji. Asubuhi soma tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linavuja, na kulitafuta ni kazi ya kwanza kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Nyufa zitazame kwa makini. Nywele nyembamba zinazotambaa kwenye plasta hazitishi. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kwenda mshazari hadi kwenye msingi, unaoweza kuingiza sarafu, ni habari nyingine. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe. Ukiendelea kuipita alama, msingi unatembea, na hapo umwite mhandisi. Kuuziba na kuupaka rangi ni kumficha mgonjwa.

Na kama paa lako ni la yale mabati ya zamani ya kijivu yanayofanana na saruji, yaliyotumika sana miaka ya 1970, yawezekana ni asbesto. Usiyakate kwa msumeno, usiyavunje, usiyasugue yakiwa makavu, maana vumbi lake huharibu mapafu na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi. Uliza halmashauri namna ya kuyaondoa.

Kisha gawa ukurasa wa daftari safu tatu. Ya kwanza: vitu vinavyoingiza maji. Ya pili: vitu vya hatari, yaani umeme uliochoka, ufa unaotembea, ngazi iliyolegea. Ya tatu: vitu vinavyoudhi macho. Fedha ziende kwa mpangilio huohuo, na safu ya tatu ipate kilichobaki. Najua safu ya tatu ndiyo inayokuvuta, marumaru mpya na dari la jipsamu lenye taa za kujificha. Ishike kwanza.

Hesabu ifanyike nyumbani

Muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi hukadiria kwa jicho, na fundi hukadiria kwa mazoea. Wewe kadiria kwa futi kamba. Tuchukue chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kuta za urefu wa mita 2.8. Mzunguko wake ni mita 14, kwa hiyo kuta zote ni mita za mraba 39. Toa mlango mmoja na dirisha moja, zinabaki kama 35 na nusu. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwenye ukuta uliolainishwa vizuri, hivyo mikono miwili itakula lita 7. Ndoo ya lita 20 inakaribia kumaliza vyumba vitatu vya namna hiyo. Ukuta mbovu, wenye vinyweleo, hunywa zaidi, ndiyo maana kuulainisha kwanza kunaokoa rangi.

Sakafu ya chumba hicho ni mita za mraba 12.25. Marumaru ya sentimita 40 kwa 40 ina mita za mraba 0.16, kwa hiyo unahitaji 77, na ongeza moja ya kumi kwa ajili ya kukatwa na kuvunjika: 85. Plasta yenye unene wa milimita 15, mchanganyiko wa karai moja la saruji kwa matano ya mchanga, mfuko wa kilo 50 hutoa kama mita za mraba 9 au 10. Andika hesabu hizi kwa kila chumba, kisha zunguka maduka matatu ukiwa na orodha ileile, ukiuliza na bei ya usafiri. Kariakoo huwa nafuu kwa vitu vidogo vidogo, swichi, bawaba, koki, lakini saruji na mchanga vinunue karibu na nyumbani, kwa sababu kirikuu cha kutoka mjini kitakula punguzo lote.

Fedha igawe mafungu manne: vifaa, ufundi, usafiri, na dharura. Dharura isipungue asilimia 15. Nyumba ya zamani huficha mambo, na ukitindua ukuta mmoja utayaona.

Fundi, na karatasi moja

Fundi mzuri haonekani kwa maneno yake. Omba akupeleke kwenye kazi aliyoimaliza mwaka juzi, si ya mwezi uliopita. Kazi ya mwezi uliopita hung'aa kwa kila mtu. Ya mwaka juzi imepitiwa na masika mawili, nayo itakuambia ukweli. Mkifika, mwulize mwenye nyumba swali moja: fundi alirudi alipoitwa kurekebisha?

Kazi unayoweza kuipima, kama vile kupaka rangi au kutandika marumaru, patana kwa jumla au kwa mita ya mraba. Kazi isiyojulikana mwisho wake, kama kutafuta bomba linalovuja au kutindua ukuta wenye unyevu, mlipe kwa siku na uwepo mwenyewe. Ukiilazimisha hii ya pili iwe ya jumla, fundi atajilinda kwa kutaja bei kubwa, au ataikimbiza ili asipate hasara. Sioni sababu ya kumlaumu.

Andikeni karatasi moja: kazi gani, chumba kipi, nani ananunua vifaa, malipo yanatoka lini. Vifaa nunua mwenyewe. Malipo yaende kwa hatua iliyokamilika, kwa mfano theluthi moja siku ya kuanza, theluthi ya pili nusu ya kazi ikionekana, na iliyobaki kazi ikishakaguliwa. Fundi naye ana nyumba ya kulisha, kwa hiyo hatua ikikamilika mlipe siku hiyohiyo. Fundi anayelipwa kwa wakati huja saa moja asubuhi.

Kama wewe ni mpangaji, maandishi yako ya kwanza yawe na mwenye nyumba: kiasi gani kitakatwa kwenye kodi, na kwa miezi mingapi. Na ukitaka kuongeza chumba au kubomoa ukuta uliobeba paa, pita ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri ukaulize kibali.

Siku za kwanza: paa

Paa linaloshika kutu kidogo halihitaji kubadilishwa lote. Mara nyingi tatizo ni misumari. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukauka kwa jua, msumari hupanda, maji yanapita. Fundi ang'oe iliyolegea na kupiga mipya yenye mpira, mirefu kidogo, sentimita chache pembeni ya tundu la zamani, na tundu lile lizibwe kwa silikoni ya nje. Silikoni isipakwe juu ya kutu wala vumbi, kwani haitashika. Pasuguliwe kwanza kwa brashi ya waya.

Tazama kofia ya paa na mahali paa mbili zinapokutana, ndipo panapovuja zaidi. Bati likiwa limetoboka kama chekecheo, badilisha bati hilo peke yake, lilalie la jirani kwa sentimita 15 angalau kwenye kichwa. Ukinunua bati jipya kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 32 ni jepesi kupita kiasi kwa upepo wa pwani na chumvi yake.

Ukimaliza, usingoje mvua ikujibu. Mtu mmoja apande na mpira wa maji, mwingine akae darini na tochi. Nusu saa inatosha.

Ukuta unaochubuka chini

Hapa ndipo fedha nyingi za ukarabati hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rangi inayochubuka chini ya ukuta, ikiacha unga mweupe unaong'aa, inasukumwa na chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Yakifika juu hukauka, na chumvi iliyokuwa ndani yake hubaki, hukua, na kuisukuma rangi itoke. Chumvi hiyo yatoka kwenye udongo, au kwenye mchanga na maji yaliyofyatulia tofali. Wengi hujibu kwa rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta hufunga mlango wa kutokea, maji yanapanda juu zaidi, na mwaka unaofuata uchafu uko usawa wa kiuno.

Anzia nje. Tembea kuzunguka nyumba uone kama udongo umepanda ukafikia usawa wa sakafu ya ndani. Nyumba nyingi za Dar ziko hivyo, kwa kuwa mtaa umejazwa kifusi mara kwa mara na uwanja umefagiliwa kuelekea ukutani. Chimba uushushe udongo hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu, uufanye uteremke kuondoka nyumbani, na maji ya paa yapokelewe na gata au yaangukie kokoto mbali na ukuta. Kazi hii ni ya jembe na koleo. Vijana wawili wanaimaliza kwa siku moja, na hakuna kitu cha bei ndogo hivyo kinachoisaidia nyumba zaidi yake.

Ndani, tindua plasta iliyooza hadi tofali, upite nusu mita juu ya mahali uharibifu unapoishia. Kwa chumba chetu cha mfano, ukiondoa hadi mita moja kuzunguka kuta zote, ni kama mita za mraba 13, yaani mfuko mmoja na nusu wa saruji. Sugua tofali kwa brashi ya waya kavu, kisha fagia chumvi na uitupe nje ya nyumba. Acha madirisha wazi siku nyingi uwezavyo. Halafu piga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji inayochanganywa na saruji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Mchanga upime kabla haujashushwa. Jaza chupa ya plastiki nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa chache. Udongo mwepesi utatulia juu ya mchanga. Kama mchanga una kina cha sentimita 10 na tope la juu linazidi sentimita 1, rudisha lori. Mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa.

Sasa kalenda. Plasta mpya inyweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua tatu, saba ikiwezekana, ndipo saruji ikomae bila kupasuka. Baada ya hapo inahitaji kama wiki nne kukauka kabla ya rangi ya maji ya kawaida, kwa sababu saruji mbichi ina alkali inayochoma rangi. Wiki nne huna. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutindua na kupiga plasta mwezi mmoja kabla ya wiki zako tatu, kazi ndogo inayoweza kutangulia peke yake. Ya pili ni kuzipaka kuta hizo chokaa nyepesi kwa sasa, ambayo huruhusu ukuta kupumua na huonekana safi kabisa kwa wageni, kisha rangi ije baada ya miezi miwili, ukishaisugua chokaa kwa brashi. Ukitaka kujua kama ukuta umekauka, bandika kipande cha nailoni ukizungushia tepe ya gundi pande zote na ukiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone ndani, subiri.

Neno moja kwa wenye nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na mji wa kale wa Mombasa: haya ya saruji si yenu. Ukuta wa matumbawe hupumua kupitia chokaa. Ukiubandika saruji, unyevu hunaswa ndani, jiwe hulika, na boriti za dari huoza kwenye ncha zake. Tafuteni fundi wa chokaa, na muone mamlaka ya uhifadhi kwanza.

Bafu na mabomba

Wakati kuta zinanyweshwa maji, fundi bomba aingie bafuni. Bafu ni dogo lakini ndilo linalokula fedha kwa kila hatua ya mguu, kwa hiyo usihamishe choo wala sinki mahali pake isipokuwa pana sababu kubwa. Kuacha vifaa mahali vilipo kunaokoa bomba, kunaokoa kutindua, na kunaokoa siku kadhaa.

Bomba la zamani la chuma lililoshika kutu lisiungwe kiraka. Libadilishe lote kwa plastiki ya PPR inayoungwa kwa moto, kutoka koki kubwa hadi bafuni, maana kiraka kimoja huhamishia uvujaji kwenye kiungo kinachofuata. Weka koki ya kufungia kwenye kila tawi: bafu, jiko, choo. Siku ya hitilafu utafunga chumba kimoja, si nyumba nzima. Maji machafu yateremke kama sentimita 2 kwa kila mita hadi kwenye chemba. Na kila tundu la sakafuni liwe na mtego wa maji, la sivyo harufu ya shimo itaingia ndani hata bafu likiwa jipya.

Kabla ya kufukia bomba ukutani, jaza maji, funga ncha zote, acha usiku mzima. Fundi akikuambia hakuna haja, sisitiza.

Sakafu ya bafu iteremke kuelekea kwenye tundu, sentimita 1 hadi 2 kwa mita. Jaribu kwa ndoo ya maji kabla marumaru hazijabandikwa, uone kama yanasimama kwenye kona. Chini ya marumaru pakwe dawa ya kuzuia maji mikono miwili, ipande ukutani sentimita 20, na sehemu ya kuogea ipande hadi kichwani. Marumaru zenyewe hazizuii maji. Yanapita kwenye mistari katikati yake.

Ukutani si lazima marumaru zifike darini. Mita moja na nusu hadi mbili sehemu ya kuogea inatosha, juu yake rangi ya mafuta.

Umeme

Hapa sina mengi, ila ni ya lazima. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Waya wa taa uwe wa milimita za mraba 1.5, wa soketi 2.5, na jiko la umeme lipate waya wake mnene peke yake. Viungo vilivyofungwa kwa tepe na kuachwa darini viingizwe kwenye maboksi. Hakikisha waya wa ardhi upo na unafika ardhini kweli, na weka kikata umeme kinachozima chenyewe umeme ukivujia mwilini mwa mtu. Mifereji yote ya waya ichimbwe kabla ya kulainisha kuta. Mita ya LUKU na lakiri zake ni vya TANESCO, fundi wako asiviguse.

Kuta kulainishwa, kisha rangi

Ukuta wa zamani ulio mzima usiuplasta upya. Kwangua rangi inayobanduka, osha mafuta ya jikoni kwa maji ya sabuni, ziba mashimo, kisha piga mikono miwili ya unga wa kulainishia wenye saruji nyeupe. Unga wa jipsamu ni mzuri ndani, kwenye ukuta mkavu tu. Ukiuweka nje au bafuni utalegea kama uji, kwa sababu jipsamu hulainika ikikutana na maji. Mafundi wengi huutumia kila mahali kwa kuwa unapigika haraka, kwa hiyo soma mfuko wenyewe.

Msasa namba 120 kwanza, kisha 180 au 220. Kama rangi ya chini ni ya zamani sana, sugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na watoto wasiwepo. Ukimaliza kusugua, mulika tochi kwa ubavu wa ukuta usiku: kila bonde litaonekana.

Mabaka ya kahawia darini yapakwe kwanza rangi ya mafuta au praima ya mafuta. Ukipiga rangi ya maji moja kwa moja, baka litarudi kesho yake.

Mpangilio ni dari, kuta, kisha milango na fremu. Mkono wa kwanza upigwe kabla ya marumaru, mkono wa mwisho baada yake, kwa sababu fundi marumaru huchafua kuta kila siku. Rangi moja isiyokolea kwa nyumba nzima ni nafuu kuliko rangi tano: ndoo kubwa ina bei ndogo kwa lita, masalio ya chumba kimoja yanaanza kingine, na nyumba ndogo inaonekana pana. Usikubali rangi izimuliwe kwa maji kupita kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo. Mikono miwili mizito inashinda minne ya maji maji.

Sakafu

Niru iliyochimbika ina tiba ya bei ndogo ambayo watu wameisahau. Tindua mashimo yawe na kingo zilizosimama, lowesha, paka uji wa saruji, jaza zege laini, kisha mwaga tabaka jipya lenye sentimita 3 na upige niru yenye rangi nyekundu au kijani. Ikinyweshwa maji kwa wiki moja na kusuguliwa kwa nta, sakafu hiyo hudumu miaka na ni baridi miguuni. Mimi naipenda vyumbani kuliko marumaru za bei ya chini zinazopasuka meza ikianguka.

Ukiamua marumaru, ziweke sebuleni na bafuni, vyumbani ziache. Za bafuni ziwe na uso wa kukwaruza usioteleza. Soma namba ya rangi kwenye kila boksi dukani, yote yafanane, kwa kuwa mkupuo mmoja wa kiwanda hutofautiana na mwingine na tofauti huonekana zikishakaa. Zikibandikwa kwa saruji ziloweshwe kwanza. Siku inayofuata gonga kila moja kwa ncha ya mwiko, na inayolia tupu ing'olewe wakati bado ni rahisi. Mistari ijazwe baada ya saa 24, na pasikanyagwe hadi siku hiyo ipite.

Milango mingi inahitaji bawaba mpya, randa kidogo upande unaokwaruza, na dawa ya mchwa kwenye fremu. Mlango mpya uache kwa mwaka mwingine.

Kuishi ndani kazi ikiendelea

Gawa nyumba nusu mbili. Watu na vitu wahamie upande mmoja, mafundi wamalize upande wa pili hadi mkono wa kwanza wa rangi, kisha mbadilishane. Bafu lisiguswe mpaka mmepatana na jirani au mmetenga sehemu ya kuogea nje. Vifaa vya wiki nzima viwepo Jumapili jioni, saruji ikiwa juu ya mbao na kufunikwa turubai, kwa sababu saidia fundi akitumwa dukani kununua kilo ya misumari, fundi wawili wanakaa. Kila jioni pitia kazi ya siku na fundi, mkubaliane ya kesho, na usibadilishe mawazo juu ya kitu kilichokwisha kuanza.

Siku ya kukabidhiana, shikeni ile karatasi mpite chumba kwa chumba mchana, dirisha zikiwa wazi. Fungua kila koki, vuta choo mara tatu, washa kila taa na chaji simu kwenye kila soketi, fungua na ufunge kila mlango. Mwaga ndoo bafuni. Yaliyobaki yaandikwe na yapewe tarehe, na kiasi kidogo cha malipo kibaki hadi yaishe. Weka marumaru zilizobaki chini ya kitanda, na piga picha ya kibandiko cha ndoo ya rangi chenye namba yake, ili siku ya kiraka usilazimike kupaka ukuta mzima.